Filta ya ndoo na matumbawe, ya sisi ambao stima hupotea

Nianze na stima kwa sababu hiyo ndo inayoamua kila kitu hapa Lamu. Filta nyingi za tangi la samaki za dukani, zile zinazoletwa kutoka Mombasa kwa maboksi yenye picha za samaki wa rangi rangi, zimetengenezwa na watu ambao kwao stima ikipotea inakuwa habari. Huku ikipotea asubuhi unaendelea na chai yako, ikirudi alhamdulillahi, ikikawia basi ndo hivo. Sisi tumezoea, samaki hawajazoea, na wanaopata taabu zaidi hata si samaki, ni wale bakteria wanaoishi ndani ya filta. Na filta bila wale ni kopo la plastiki tu linalozungusha maji machafu.

Kwa hivo hii ninayoieleza ni ya kutengeneza nyumbani, ni ndoo inayokaa juu kuliko tangi, pampu inapandisha maji, yanadondoka ndani ya ndoo yakipita kwenye mawe alafu yanarudi kwa samaki. Si uvumbuzi wangu, watu wanaosafisha maji taka wanatumia njia hiyo hiyo tangu zamani sana, mimi nimeileta tu kwa vitu vinavyopatikana mtaani.

Sasa kabla ya kutoboa ndoo yoyote ni vizuri uelewe inafanya nini, manake wengi wanadhani kazi ya filta ni kushika taka. Kushika taka ni kazi ndogo, hata kitambaa kinafanya. Kazi kubwa ni amonia. Samaki anaitoa mchana na usiku, nyingi inatoka kwenye matamvua anapopumua, na chakula alichokiacha kikioza nacho kinatoa. Ukilisha gramu 100 za chakula, kama gramu 3 hivi zinaishia kuwa amonia ndani ya maji. Na haina rangi, yaani maji yanaweza kuwa meupe pee na samaki wanakufa mmoja mmoja, mtu anaanza kusema samaki walikuja wagonjwa, mara ni hasad, kumbe wanaungua na uchafu wao wenyewe.

Anayewaokoa ni bakteria, na wako makundi mawili. La kwanza linakula amonia linatoa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, inaingia kwenye damu ikazuia damu isibebe oksijeni, ndo unaona samaki amekuja juu anahema na maji yana hewa tele. Kundi la pili linachukua ile naitraiti linaigeuza kuwa naitreti, na hiyo haina madhara makubwa mpaka ijazane, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, ndo aliyetuonyesha mambo ya hawa bakteria huko mwisho wa karne ya 19. Vitabu vya samaki vikawa vinasema miaka na miaka kwamba wa kundi la pili anaitwa Nitrobacter, mpaka mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake wakachunguza matangi ya maji baridi wakakuta mfanyakazi mwenyewe hasa ni Nitrospira. Kwako wewe unayejenga ndoo jina halibadilishi kitu, ila ukikutana na chupa inauzwa imeandikwa bakteria ndani, angalau ujue uulize ni yupi.

La maana ni tabia zao. Hawaogelei ogelei majini, wanajibandika kwenye kitu na kukaa hapo, kwa hivo wanataka nafasi nyingi za kujibandika. Na wanapenda hewa kuliko hata samaki. Kila gramu 1 ya naitrojeni iliyo kwenye amonia inawala kama gramu 4.6 za oksijeni kuimaliza, na maji ya nyuzi 30 kama yetu ya wakati wa kaskazi hayabebi hata miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Ni kidogo sana hiyo.

Hapo sasa ndo rudi kwa stima. Ile filta ya kopo iliyofungwa, imejaa maji na sponji na vidonge vya kauri, pampu ikisimama maji ndani hayatembei, bakteria wanamaliza oksijeni iliyobaki, na baada ya muda wale wazuri wanalala au wanakufa na wanakuja wengine wasiohitaji hewa, wale wa harufu ya yai viza. Stima ikirudi pampu inawasukumia samaki uozo wote kwa mpigo. Jamaa yangu wa Langoni alikuwa na filta nzuri kabisa ya bei, stima ikapotea usiku ikarudi mchana yeye yuko dukani, kufika nyumbani maji yamekuwa rangi ya chai na samaki wake wa moli wote wanaelea juu wamekufa.

Ndoo ya matone haina shida hiyo. Mawe hayakai ndani ya maji, yanakaa hewani na maji yanayateremkia. Pampu ikizima, maji yanashuka yote kwenye tangi na mawe yanabaki na unyevu, na bakteria aliye kwenye jiwe bichi lenye hewa pande zote anaweza kungoja masaa mengi tu bila wasiwasi. Faida nyingine ni kwamba maji yakidondoka hewani yanapoa kidogo na kuchukua oksijeni, ubaya wake yanapungua haraka, utakuwa unaongeza maji kila baada ya siku chache. Mimi naona ni bei ndogo ya kulipa.

Kuna mzee aliniuliza swali la haki kabisa, akasema bwana wee, hapa Lamu samaki wamefugwa ndani ya nyumba tangu enzi, na hakukuwa na pampu wala ndoo, sasa nyinyi vijana mnahangaika na nini. Na ni kweli. Ukiingia kwenye zile nyumba za mawe za Mkomani utaona birika la maji chooni, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mabirika mengine yana bakuli la kauri limejengewa kabisa pale chini, birika likitolewa maji lisuguliwe linabaki dimbwi dogo ndani ya bakuli na samaki wanasubiri humo. Mimi kitu hicho kinanifurahisha kila nikikiona, mtu alikaa akamfikiria samaki wakati anajenga choo. Lakini angalia hesabu yake, samaki wawili watatu, maji mengi, yanachotwa kila siku ya kuoga na kutawadha na kujazwa mengine, na hakuna anayewarushia chakula cha kopo, wanakula kinachotagwa na mbu basi. Amonia itatoka wapi? Sisi tunachukua lita 120 tunaweka samaki wadogo wa gapi ishirini ambao mwezi ujao ni sitini, tunalisha asubuhi na jioni, alafu maji hayaguswi wiki nzima. Hapo lazima mtu afanye kazi ya usafi na huyo mtu ni bakteria.

Haya, ndoo. Tafuta ya lita 20, ya mafuta ya kupikia, yenye mfuniko wake. Usichukue ya rangi hata ukiambiwa imeoshwa. Mafuta yatoe kwa maji moto mara kadhaa alafu siki, sabuni ya unga achana nayo kwa sababu harufu inaingia kwenye plastiki haitoki. Chini kabisa, kwenye kitako, toboa tundu la bomba la inchi moja na ufunge ile konekta yenye nati na washa mbili za mpira, fundi yeyote wa mabomba anaijua. Usinunue bomba jembamba kwa kubana pesa. Kinachoingia kwenye ndoo ni maji ya pampu, yanakuja kwa nguvu, na kinachotoa ni uzito wa maji peke yake, kwa hivo njia ya kutokea lazima iwe pana kuliko ya kuingilia, la sivyo maji yatapanda ndani ya ndoo na utakuwa umerudi kwenye filta ya kuzamisha, au mbaya zaidi yatamwagika sakafuni na kama unakaa ghorofani jirani wa chini atakuja kukugongea. Ndo maana mimi natoboa na tundu la pili juu, vidole vinne chini ya mdomo wa ndoo, naweka bomba lingine linaloshuka mpaka kwenye tangi. Siku tundu la chini likiziba na konokono au kipande cha sponji, hilo la juu linachukua kazi na hakuna hasara.

Kama unaziba popote kwa silikoni, nunua ile ya kutengenezea matangi au ya vioo isiyo na dawa ya kuvu. Ile ya bafuni iliyoandikwa inazuia kuvu ina sumu na inaua. Na chuma usitie kabisa, wala waya wa mabati wala skrubu, kwanza kwa hewa yetu ya chumvi itaoza mara moja, pili zinki na shaba zikiyeyuka kwenye maji ni hatari kwa samaki, na kama una kamba wadogo ndo utawasahau.

Ndani ya ndoo, pale chini, funika tundu kwa chujio la plastiki umelilaza kifudifudi ili mawe yasikae juu ya tundu. Juu yake ni mawe mpaka robo tatu hivi. Alafu juu ya mawe inakuja sahani ya plastiki pana inayokaribia upana wa ndoo, uitoboe matundu mengi kwa msumari uliotiwa moto, na hapa usifanye haraka. Matundu yakiwa makubwa au yamekusanyika katikati, maji yatapata njia moja yatateremka hapo hapo kila siku na mawe ya pembeni yatakuwa makavu, yaani una ndoo nzima lakini inayofanya kazi ni robo. Toboa madogo, ya unene wa msumari wa inchi mbili, yaenee mpaka ukingoni, na sahani ikae sawa sawa, mwaga kikombe cha maji uangalie yanashuka wapi, ikiwa inaegemea upande tia kijiwe chini yake. Nilipokuwa natengeneza ya ami yangu tulikaa na hiyo sahani tu mpaka adhana ya alasiri, tunainyanyua tunaishusha, yeye anamwaga mimi nachungulia kwa tochi ya simu. Juu ya sahani laza sponji la godoro kipande cha unene wa vidole viwili, hilo ndo linaloshika mavi ya samaki na mabaki yasifike kwenye mawe. Kisha mfuniko wa ndoo, umeukata dirisha katikati ukabandika kipande cha chandarua, hewa ipite na mijusi isiingie.

Mawe yenyewe ndo raha ya kukaa Lamu. Watu wa bara wanaagiza vidonge vya kauri kwa bei, sisi tuna matumbawe yamelala kila mahali mtaa unaporekebishwa nyumba. Tumbawe limejaa vitundu vidogo vidogo, ukilivunja ukaangalia ndani ni kama sega la nyuki, na kila kitundu ni makazi. Mwombe fundi vipande vya ukuta wa zamani au vya jiwe linalochongwa Maweni kule Manda, punda wanabeba kila siku, hakuna atakayekunyima karai moja. Vunja ukubwa wa ndimu au chini kidogo, unga unga wote uoshe mpaka maji yatoke safi.

Jiwe lenye saruji litupe. Lenye chokaa mpya pia litupe, chokaa mbichi inapandisha pH, kile kipimo cha uchachu wa maji ambacho kikipanda uchachu umepungua, mpaka samaki anachubuka. Yaliyobaki loweka kwenye ndoo ya maji siku kadhaa ukibadilisha maji. Ukitaka kujua kama ni tumbawe kweli au jiwe jingine kamulia ndimu, litatoa povu na kuchemka kwa sauti ndogo, hiyo ni chokaa ya asili inajibizana na asidi.

Na hiyo chokaa ina kazi. Wale bakteria wakila amonia wanatoa asidi, kila gramu 1 ya naitrojeni inakula kama gramu 7 za ile nguvu ya maji ya kuzuia uchachu, ukipima kwa kalisi kaboneti. Maji yakikosa nguvu hiyo pH inateremka polepole, ikifika chini ya 6 bakteria wanakaribia kusimama kazi kabisa na amonia inaanza kupanda tena. Tumbawe linayeyuka kidogo kidogo kila asidi inapozidi na kuirudisha pH mahali pake. Kama unatumia maji ya kisima chetu yenye magadi na chumvi kidogo hutaona tofauti kubwa, lakini wenzetu wa visiwa vya Pate na Ndau wanaotumia maji ya jabia, yale mabirika ya kukingia mvua, nyinyi ndo mtafaidika zaidi. Gapi, moli, plati, na wale siklidi wa Ziwa Malawi na Tanganyika wanapenda maji hayo. Ukifuga diskasi au neoni, ambao hawataki maji ya chokaa, tia vigae vya mtungi wa udongo badala yake, au hata vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, bakteria hawabagui, na ndoo inakuwa nyepesi pia.

Ila kuna kitu hakisemwi sana. Kwenye pH 7 sehemu ya amonia iliyo sumu hasa haifiki hata asilimia 1, ukifika pH 8 kwenye joto la nyuzi 25 mpaka 30 inakuwa asilimia 5 mpaka 7 au 8. Maana yake kwenye maji yetu ya moto na ya chokaa, amonia ile ile inauma mara kumi zaidi kuliko kwa mtu wa Limuru kule kwenye baridi. Kwa hivo ndoo ya matumbawe ambayo bado haijapata bakteria usiipakie samaki.

Na naomba hili, matumbawe ya baharini yaliyo hai yaacheni. Ndani ya hifadhi za bahari kama ile ya Malindi, ambayo iko tangu 1968, au Kiunga huku kwetu, hayaguswi, na nje ya hifadhi pia ndo nyumba ya tafi na changu tunaokula. Hata kwa ubinafsi tu, tumbawe hai ukilitia kwenye maji ya tangi linakufa na kuoza, unaongeza amonia ile ile unayoikimbia.

Pampu chukua ya kuzungusha tangi lote mara nne au tano kwa saa. Kwa lita 120 ni kama lita 500 au 600, lakini kile kilichoandikwa kwenye boksi ni bila kupandisha, ukipandisha maji kimo cha mita moja inapungua sana, kwa hivo nunua iliyoandikwa lita 1000 ukae salama. Ndoo isikae juu ya kioo cha tangi hata siku moja, mawe yakilowa ni kilo ishirini na kitu, mwambie seremala akutengenezee kistuli. Na tangi usilijaze mpaka mdomoni, stima ikipotea maji yaliyo kwenye ndoo na kwenye mpira yatarudi yote, yaachie nafasi.

Baada ya hapo ni subira, na hapa ndo wengi wanaponishinda. Bakteria wanachukua wiki 4 mpaka 6 kujaa ukianzia sifuri, joto letu linawasaidia lakini si miujiza. Washa pampu, tupia kichakula kidogo kioze, ngoja. Njia ya mkato ya halali ni kumwomba mwenye tangi la zamani akukamulie sponji lake kwenye ndoo yako, yale maji ya kahawia yanayotia kinyaa ndo mali yenyewe, au akupe kipande cha sponji ukilaze juu ya mawe. Beba kikiwa kimelowa, usikitie kwenye chupa ukaiziba, kitakosa hewa njiani. Alafu anza na samaki wachache wagumu, lisha nusu ya unavyotamani, ukiona wanakuja juu kuhema au matamvua yamekuwa mekundu sana badilisha theluthi ya maji siku hiyo hiyo. Vipimo vya karatasi vya amonia na naitraiti agiza Mombasa, vinasaidia, hasa naitraiti ambayo hupanda pale unapodhani umemaliza.

Maji ya bomba yenye klorini, nasema kwa watu wa Malindi zaidi, yasiingie moja kwa moja. Yaache kwenye ndoo wazi mpaka kesho yake, ikiwezekana na kijipampu cha hewa kinabubujisha, au tia dawa ya thaiosalfeti. Klorini imewekwa kuua bakteria na haitajua kwamba hawa ni wako. Kwa sababu hiyo hiyo sponji la juu ukilifua, lifue kwenye maji uliyoyatoa tangini, kila wiki mbili hivi, na mawe usiyaoshe. Kuna mama mmoja msafi sana, mashallah, aliyatoa mawe yote akayasugua kwa maji ya bomba yakawa meupe, wiki hiyo hiyo samaki wakaanza kufa. Maji machafu unayotoa mwagia mrehani na asumini, ile naitreti ni mbolea.

Stima ikipotea usilishe. Samaki anaweza kukaa siku mbili tatu bila kula asidhurike, na asipokula amonia inapungua sana. Ikizidi saa kadhaa chota maji ya tangi kwa kikombe uyamwage polepole juu ya sponji, unawalowesha bakteria na kuwapa samaki hewa kwa wakati mmoja, watoto wanaipenda kazi hiyo. Mwenye uwezo anunue pampu ya volti 12 aiunge na betri ya sola, inakula umeme kidogo mno.

Kilichobaki ni kelele. Bomba la kurudisha maji likiwa juu ya tangi linatiririka usiku kucha, kwangu mimi ni sawa na linaongeza hewa, mke wangu anasema ni kama kulala chini ya mfereji uliopasuka. Kwa hivo limeshushwa ncha yake ndani ya maji, na mimi nimetoboa katundu ka hewa kwenye bomba huko juu ili lisigugumie.